Tarishi Asiyepokea Barua

Msomaji, ukiifuata reli itokayo Kisumu, mwishowe utafika Butere, na hapo reli hukoma. Kituo cha mwisho kina sifa moja: hakipitishi mizigo ya wageni iendayo mbele. Liweke jambo hilo moyoni, maana litatufaa katika kuieleza historia ya barua pepe.

Mwaka 1971 Ray Tomlinson, Mmarekani, alituma barua ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao. Mwaka 1982 Jonathan Postel aliandika kanuni za kupelekeana barua hizo, na mwaka uliofuata programu ya Sendmail, kazi ya Eric Allman, ikatolewa pamoja na mfumo wa Unix wa chuo kikuu cha Berkeley. Siku zile watumiaji walikuwa wachache, nao waliaminiana. Basi seva nyingi zilikaa milango wazi, zikipokea barua ya yeyote na kuipeleka kwa yeyote, mfano wa njia panda ya reli.

Lakini nyumba isiyo na bawabu haikosi mwizi. Tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi Robert Morris aliachilia programu iliyojieneza yenyewe. Ikaingia katika maelfu ya mashine, na mojawapo ya milango iliyopitia ilikuwa Sendmail. Katika miaka ya 1990 wachuuzi nao walizitumia seva za watu kutawanya matangazo yasiyotakiwa, na lawama zikamwangukia mwenye seva.

Ndipo mafundi walipoikubali hekima ya kituo cha mwisho. Tuseme shule mojawapo ya Butere ina seva ya kuwapelekea wazazi matokeo ya mitihani. Seva hiyo haina haja ya kupokea barua hata moja. Kwa programu ya Postfix, aliyoitunga Wietse Venema na kutolewa mwaka 1998, fundi huiamuru isikilize mashine yake yenyewe tu, katika anwani 127.0.0.1. Mgeni akibisha mlango wa 25, haitikiwi. Majibu ya wazazi huelekezwa kwenye anwani nyingine, isomwayo na karani. Tena rekodi za jina la shule katika intaneti hutaja seva iruhusiwayo kutuma, ili barua zisidhaniwe kuwa za mlaghai.

Huo, msomaji, si uchoyo. Afungaye mlango asiouhitaji hamnyimi jirani kitu. Humwepusha na mwizi ambaye angepitia kwake.