Sanduku Moja, Watu Mia: Anuani za Ufipa tangu Zama za Tarishi

Katika zama zile ambapo Wadachi walikuwa na boma lao Kasanga, mahali walipopaita Bismarckburg, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mtu wa nyanda za juu za Ufipa hakuwa na anuani kwa maana tuitumiayo leo. Alikuwa na jina lake, jina la baba yake na jina la kijiji, na barua, kama ilikuwako barua, ilipanda mlima mkononi mwa tarishi, ambaye alikwenda akiuliza njiani hadi akamwona mwenyewe au akamkosa. Kuuliza watu ndiko kulikokuwa posta.

Waingereza walipokwisha kuishika Tanganyika, posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa mwaka 1933 kuwa idara moja, na taratibu sanduku la posta likawa desturi ya nchi nzima. Hapa naomba ruhusa ya kukawia kidogo, kwani jambo hili, ambalo vijana wetu huliona limekwisha kupitwa na wakati, ndilo litufunulialo jambo jipya tulilo nalo majumbani. Barua za Sumbawanga, mji wetu wa Ufipa, hazikupelekwa mlangoni mwa mtu. Zilifikia posta, zikatiwa katika visanduku vyenye namba, na mwenye ufunguo ndiye aliyekwenda kuzitoa. Na kwa kuwa sanduku lilikuwa na kodi ya kila mwaka, ambayo wengi hawakuimudu, sanduku moja la shule, la misheni, la idara ya serikali au la duka lilichukua barua za watu makumi kwa mamia. Juu ya bahasha iliandikwa jina la mtu, chini yake “kwa mkono wa Mwalimu Mkuu”, kisha S.L.P. na namba, kisha Sumbawanga. Dunia ya nje iliiona namba moja tu, nayo siri ya nani na nani walikuwamo ndani ya namba ile ilikaa katika daftari la karani na katika kumbukumbu yake, naye akisimama barazani na furushi la barua, akiita majina.

Ilipokuja Operesheni Vijiji, baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza mwaka 1973 kwamba watu wote wahamie vijijini kabla ya mwisho wa 1976, wengi waliacha mahame ya wazee wao wakajenga upya kando ya barabara. Nyumba zikahama, ilhali sanduku la shule au la parokia likabaki na namba yake ile ile. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, posta na simu zikawa za taifa, na mwaka 1994 zikatengana, kila moja ikashika njia yake.

Sasa tuitazame anuani ya IP, ambayo kila mashine haina budi kuwa nayo ili izungumze na mashine nyingine katika intaneti. Waliobuni kanuni yake, iliyotolewa mwaka 1981, waliipa nafasi ya namba zipatazo bilioni 4 na milioni 294, wakidhani zinatosha, lakini hazikutosha. Bara letu lilipata mgawaji wake wa namba hizo, AFRINIC, yenye makao Mauritius, mwaka 2005, na tarehe 3 Februari 2011 hazina kuu ya dunia iligawa mafungu yake ya mwisho. SEACOM, mkongo wa baharini, ulikuwa umeanza kazi Dar es Salaam mwezi Julai 2009, na Mkongo wa Taifa ukaendelea kutandazwa kuelekea mikoani, lakini watu walioingia mtandaoni kwa simu na ruta walizidi namba zilizokuwapo. Basi makampuni ya intaneti yakafanya vile vile alivyofanya Mwalimu Mkuu: namba moja ya nje ikatumiwa na wateja wengi, nayo mitambo ya kampuni ikashika daftari la karani, kujua jibu hili ni la nyumba gani. Hata namba hiyo ya nje si milki ya mteja. Huazimwa kwa muda, na muda ukiisha, au kifaa kikizimwa na kuwashwa, yawezekana akapewa nyingine.

Jioni moja nilikuwa katika nyumba ya jirani pale Izia, mjini Sumbawanga, binti yao akijaza maombi ya chuo. Ukurasa ukamkatalia, ukisema kwamba maombi kutoka anuani yake yamezidi kiasi. “Baba, mimi ndiyo kwanza nafungua!” akaniambia, na machozi yakimlenga, kwani muda ulikuwa umebaki mchache. Nikamwambia achomoe ruta ukutani, tukanywa chai, tukairudisha. Taa zikawaka moja moja, nyekundu ikageuka kijani, na tulipoitazama namba yetu ya nje tukaona si ile tena. Ukurasa ukafunguka. Mtu asiyejulikana, aliyekuwa ndani ya sanduku lile lile pamoja nasi, ndiye aliyetenda yale ambayo binti yule aliadhibiwa kwayo.

Wala kubadilika huko si lazima kutakwe na mtu: umeme wa Sumbawanga, ambao kwa miaka mingi ulitoka Zambia kwa kuwa mkoa wetu wa Rukwa haukuwa katika gridi ya taifa, ukikatika na kurudi, nyumba nyingi huenda zikaamka na namba mpya bila ya wenyewe kujua. Lakini ajidanganyaye kwamba kwa kubadili namba amejificha, na akumbuke karani: kampuni inalo daftari la nani alipewa namba ipi na saa ngapi. Na ahitajiye anuani isiyobadilika, kwa kamera ya dukani au kwa mashine ya ofisi, hana njia ila kuiomba kwa kampuni na kuilipia.

Ninaloliona kuwa dhuluma ni kumhukumu mtu kwa namba aliyoazimwa pamoja na umati asioujua. Zamani, barua mbaya ikitoka katika sanduku la shule, hakuna aliyethubutu kuifungia shule nzima posta. Iliulizwa kwanza ni nani aliyeiandika. Nawasihi wanaotunza kurasa za vyuo na za idara zetu wafanye vivyo hivyo.

Tarehe 8 Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Operesheni ya Anuani za Makazi, na nyumba zikaanza kutiwa vibao vya namba. Nyumba ile ya Izia inacho kibao chake mlangoni, nacho hakibadiliki umeme ukikatika.