Panya na Jadi: Nyota Mbili za Mshairi Su Shi

Watu wa mwambao wanapoulizana nyota, aghalabu hukusudia zile buruji kumi na mbili ambazo ilimu ya falaki imetuletea pamoja na majina yake ya Kiarabu: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akrabu, Kausi, Jadi, Dalu na Hutu. Wazungu wanazo hizo hizo kwa majina ya Kilatini. Wachina nao wana kumi na mbili zao: Panya, Ng'ombe, Chui milia, Sungura, Joka, Nyoka, Farasi, Mbuzi, Kima, Jogoo, Mbwa na Nguruwe. Kwa kuwa idadi ni moja, na kwa kuwa pande zote mbili zina ng'ombe na mbuzi, wengi hudhani kwamba ni jambo moja lililosemwa kwa lugha mbili, wakakaa kulinganisha ishara kwa ishara: Asadi wa huku na Chui milia wa kule, Akrabu na Nyoka. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ulinganishi wa namna hiyo haushiki, na kwamba aliyetuachia ulinganishi ulio bora ni mshairi mmoja wa China aliyekuwa na nyota zote mbili, akachagua moja ya kuililia.

Mshairi huyo ni Su Shi, ajulikanaye pia kwa lakabu ya Dongpo. Alizaliwa Meishan, katika jimbo la Sichuan, tarehe 8 Januari 1037. Anayehesabu kwa haraka atasema kwamba 1037 ni mwaka wa Ng'ombe, na atakuwa amekosea, kwani mwaka wa Kichina hauanzi Januari mosi. Siku aliyozaliwa Su Shi ilikuwa ya 19 ya mwezi wa kumi na mbili, na mwaka wa Panya ulikuwa haujamalizika. Alikuwa, basi, mtu wa Panya. Lakini katika maandishi yake mafupi yaliyokusanywa baada ya kifo chake, Su Shi anajieleza kwa ishara nyingine kabisa, ambayo haikuzaliwa China: Jadi. Ili tufahamu kwa nini, yatupasa kwanza tuzitenge hesabu hizi mbili, kila moja tuione ilivyo.

Buruji za Magharibi ni mahali. Wanajimu wa Babeli, katika karne ya tano kabla ya Miladi, waliigawa njia ya jua angani katika sehemu kumi na mbili zilizo sawa, kila moja daraja 30, wakaziita kwa majina ya makundi ya nyota yaliyokuwa karibu nazo. Wayunani walizichukua, na Ptolemy wa Iskandaria akaziandikia vitabu katika karne ya pili ya Miladi. Waarabu wakavifasiri na kuvisahihisha, na kwa mkono wao vikafika Ulaya ya Kilatini na kwetu pia. Neno lenyewe buruji lina maana ya minara, kana kwamba jua ni msafiri apitaye chini ya ngome kumi na mbili kwa mwaka. Kusema kwamba mtu ni wa Asadi ni kusema jua lilikuwa wapi siku alipozaliwa.

Wanyama wa Kichina ni zamu. Katika mifupa ya kupigia ramli iliyofukuliwa Anyang, mji mkuu wa wafalme wa Shang, yenye umri wa takriban miaka 3,200, siku zinahesabiwa kwa kuunganisha mashina kumi na matawi kumi na mawili, shina kwa tawi, hadi hesabu itimie 60 na kuanza upya. Matawi hayo hayakuwa na wanyama. Wanyama wanaonekana baadaye sana, katika vipande vya mianzi vilivyopatikana mwaka 1975 huko Shuihudi, ndani ya kaburi la mwaka 217 kabla ya Miladi, na hata hapo baadhi yao si hawa wa leo. Kwa maneno mengine, hesabu ilitangulia, na wanyama wakaja kuikalia kama watu wanaohamia nyumba iliyokwisha kujengwa. Matawi hayo yaliita siku, miaka, saa na pande za dunia: tawi la Panya ni usiku wa manane na kaskazini, tawi la Farasi ni adhuhuri na kusini. Majahazi makubwa ya Zheng He yaliyofika Malindi katika karne ya kumi na tano yalishika njia kwa dira iliyopangwa kwa majina hayo, wakati ambapo manahodha wa bahari yetu waliita kaskazini Jaha na kusini Suheli, kwa majina ya nyota.

Hesabu ya zamu si ngeni kwetu. Wazee wa mwambao waliohesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi waliugawa kwa miongo ya siku kumi kumi kwa ajili ya kusafiri na kulima, na mwaka wenyewe waliuita kwa jina la siku ya juma uliyoanzia. Aliyesema mwaka Alhamisi hakuwa akitazama juu. Alikuwa akitaja zamu.

Kutokana na tofauti hii hutoka nyingine iliyo kubwa zaidi. Chukua darasa la watoto waliozaliwa mwaka mmoja. Kwa hesabu ya Kichina, takriban wote ni mnyama mmoja. Kwa hesabu ya Magharibi, darasa hilo hilo hutawanyika katika buruji zote kumi na mbili. Mnyama wa mwaka huwafunga watu wa rika moja; buruji huwapambanua. Ndiyo maana China kumwuliza mtu mnyama wake ni njia ya adabu ya kumwuliza umri: ukishajua ni Jogoo, na ukamtazama uso, hesabu imekwisha. Buruji haiwezi kazi hiyo, kwani Asadi wamo watoto na vikongwe.

Hata hivyo pana jambo moja ambalo pande hizi mbili zinashirikiana, nalo husahauliwa. Zote zimeagana na mbingu. Mhimili wa dunia huyumba polepole, na kwa kila miaka 72 hivi mahali pa jua katika siku ya mlingano husogea daraja moja mbele ya nyota. Leo jua linapohesabiwa kuwa limeingia Hamali, mnamo tarehe 21 Machi, kwa macho liko katika nyota za Hutu. China nayo iliwahi kuhesabu miaka kwa Mshtarii, sayari inayoizunguka mbingu kwa karibu miaka kumi na miwili. Ni karibu tu. Pungufu yake ni kidogo, na baada ya miaka themanini na kitu sayari huwa imetangulia hesabu kwa kituo kizima. Wachina wakaiacha sayari ijiendee na kuendelea na hesabu. Kwa hiyo tunaposema nyota, huku au kule, tunataja kalenda iliyobaki na jina la nyota.

Vipi basi Jadi ilifika kwa Su Shi? Asili yake ni kiumbe wa Babeli mwenye kichwa cha mbuzi na mkia wa samaki. Kutoka kwa Wayunani alishika njia mbili. Ya kwanza ilipita Bara Hindi, ambako aliitwa Makara na kufanywa mnyama wa majini. Kisha watawa wa Kibuddha walioingia China na vitabu vyao, mmoja wao Amoghavajra wa karne ya nane, wakamleta pamoja na buruji nyinginezo, na jina lake likatamkwa Mojie. Njia ya pili ilipita kwa Waarabu, waliomwita Jadi, yaani mwanambuzi, na kwa jina hilo akafika Lamu, Mombasa na Unguja. China ikapokea mkia, nasi tukapokea pembe.

Buruji hizi za kigeni hazikuwa siri ya wanazuoni wachache. Huko Xuanhua, kaskazini-magharibi ya Beijing, lipo kaburi la Zhang Shiqing, aliyefariki mwaka 1116. Dari yake imechorwa manazili 28 za mwezi za Kichina na, pamoja nazo, buruji kumi na mbili za Babeli, na watu waliomo ndani yake wamevikwa mavazi ya Kichina. Aliyechora hakuona ugomvi wowote baina ya elimu hizo mbili.

Sasa turejee kwa Su Shi. Mwaka 1079 alikamatwa kwa sababu ya mashairi yake. Maadui zake barazani walidai kwamba beti zake zilimkejeli mfalme na siasa zake mpya. Akatiwa gerezani kwa takriban miezi minne huku beti zikisomwa moja moja na yeye akidaiwa kuzifasiri. Aliponea chupuchupu, akapelekwa Huangzhou, ambako alilima kipande cha ardhi kilichompa ile lakabu ya Dongpo, yaani mteremko wa mashariki. Baadaye, mwaka 1094, akahamishiwa Huizhou upande wa kusini, na mwaka 1097, akiwa na umri wa miaka sitini, akavushwa bahari hadi kisiwa cha Hainan, ambako alikaa hadi 1100.

Mtu wa namna hii akimsoma Han Yu lazima atajiona. Han Yu, aliyeishi kuanzia 768 hadi 824, naye alikuwa mshairi na mtumishi wa dola. Mwaka 819 alimwandikia mfalme kupinga heshima iliyofanyiwa mfupa uliosemekana kuwa wa Buddha, akafukuzwa hadi Chaozhou. Katika shairi lake moja alitaja mahali mwezi ulipokuwa usiku wa kuzaliwa kwake. Su Shi alipiga hesabu kutokana na ubeti huo, akaona kwamba kwa upande wa mwezi Han Yu aliangukia Jadi. Na yeye mwenyewe, kwa buruji ipatikanayo kutokana na saa ya kuzaliwa, alikuwa Jadi vilevile. Akaandika, kwa tabasamu la mtu aliyekwisha kuchoka, kwamba ndiyo maana maisha yao yote wawili yalijaa masingizio: walikuwa na maradhi mamoja.

Na tutazame Panya angempa nini. Han Yu alizaliwa mwaka wa Kima, Su Shi mwaka wa Panya; kwa wanyama wa miaka hawakuwa na ishara moja. Na Panya wa Su Shi alikuwa pia Panya wa kila mtu aliyezaliwa mwaka ule, wenye vyeo na wakulima, waliosingiziwa na waliosingizia. Mnyama wa rika hakuweza kumweleza kwa nini yeye hasa. Buruji iliyotoka Babeli ilimwezesha kuvuka zaidi ya miaka mia mbili na kumshika mkono mshairi aliyemtangulia. Hakuitumia kutabiri kitu, kwani mabaya yalikwisha kupita. Aliitumia kupata mwenzi.

Lakini ishara ikishikwa kwa mkono mwingine huwa hukumu. Japani, iliyopokea hesabu ya Kichina, ina imani ya zamani kwamba mwanamke aliyezaliwa mwaka wa Farasi wa Moto huwa mkali na humletea mumewe balaa. Mwaka huo huja mara moja katika kila miaka 60. Mwaka 1965 Japani ilipata watoto wapatao milioni 1.82, mwaka 1966, wa Farasi wa Moto, wakashuka hadi milioni 1.36; na 1967 wakapanda tena hadi milioni 1.93. Hawa ni watu wa nchi ya viwanda na magarimoshi ya kasi, na wengi wao hawakuwa na hakika ya imani ile. Walichohofia ni kwamba wengine wataiamini siku binti yao atakapotafutiwa mume. Zamu ya jina hilo baada ya 1966 ni mwaka 2026.

Ni wazi kwa nini balaa hili limetokea upande wa wanyama wa miaka. Hukumu ya mwaka hulikumba rika zima, na hujulikana mapema, kwa hiyo watu wanaweza kuikimbia. Aliyewahi kuicheka hesabu hii ni Wang Chong, mwanafalsafa wa karne ya kwanza. Wenye kuamini walisema kwamba kila tawi lina asili yake, Panya maji na Farasi moto, na kwamba maji huushinda moto. Wang Chong akauliza: ikiwa ndivyo, mbona hatujapata kumwona panya akimfukuza farasi? Swali lake lilikuwa na umri wa miaka 1,800 na zaidi pale wazazi wa Japani walipohesabu miezi.

Su Shi alisamehewa mwaka 1100, akavuka bahari kurudi bara, na akafariki Changzhou mwaka 1101. Maneno yake kuhusu Jadi hayakufa naye. Katika Kichina yaligeuka msemo: mtu mwema aandamwaye na masingizio husemwa kuwa maisha yake yamekaa katika Mojie. Mwanambuzi wetu, akiwa na mkia wa samaki, anaishi humo hadi leo katika kinywa cha watu ambao miaka yao huihesabu kwa Panya na Farasi.