Wapagazi wa Kariakoo na Maradhi ya Tumbo



Hapana mtu aliyepata kukaa Dar es Salaam asiyelijua soko la Kariakoo. Lakini wengi hulitaja jina lile wasikumbuke asili yake. Asili yake ni Carrier Corps, jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya 1914 hata 1918, ambalo Waswahili walilitamka kwa namna iliyowawia nyepesi. Waingereza waliutwaa mji mwezi wa Septemba 1916, na mahali pale Wadachi walipokuwa wamepatengeneza kwa ajili ya soko pakawa kambi ya wapagazi.

Kazi ya watu hao ilikuwa nzito. Katika nchi ya kusini barabara zilikuwa haba, na mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi. Basi chakula, risasi na dawa vilichukuliwa vichwani mwa watu, kila mtu na mzigo wake wa ratili 50 hivi. Hesabu ya serikali ya Kiingereza ilionyesha ya kuwa wapagazi waliokufa walizidi 40,000, na wanahistoria husema ya kuwa hesabu ya kweli ilikuwa kubwa zaidi. Walio wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na maradhi, na katika maradhi hayo kuhara damu kulikuwa mbele.

Sababu ilianza katika chungu. Wengi walitoka katika nchi za ndizi, mtama au ulezi, nao wakapewa unga wa mahindi usiosagwa vizuri. Walifika kambini jioni wamechoka, kuni zimelowa kwa mvua, wakala ugali mbichi. Matumbo yakaharibika. Kisha watu wengi wakateka maji katika dimbwi moja, vyoo vikawa karibu, na nzi wakatoka kwenye uchafu wakatua juu ya chakula.

Je, wataalamu walikuwa hawajui asili ya maradhi haya? Walijua. Katika mwaka 1897 kuhara damu kuliingia Japani kwa nguvu, na mganga kijana aliyeitwa Kiyoshi Shiga akawachunguza wagonjwa 36. Tabu yake ilikuwa hii: tumboni mwa mtu, hata aliye mzima, mna vijidudu visivyohesabika, na vingi havina madhara, bali husaidia mwili. Atamjuaje mwenye hatia katika umati ule? Shiga alichukua maji ya damu ya wagonjwa akayachanganya na vijidudu alivyovikuza. Aina moja ikagandamana mafungu mafungu, maana damu ya mgonjwa ilikwisha kupigana nayo, ikamtambua adui wake. Vijidudu hivyo vikaitwa Shigela, kwa jina lake. Vichache tu vikimezwa hutosha kumwuguza mtu. Huingia katika ngozi ya ndani ya utumbo mpana na kuijeruhi, ndipo zikatoka damu na kamasi.

Iko na kuhara damu ya namna ya pili, iletwayo na amiba. Tangu 1912 dawa ya emetini ilijulikana kuwa huiponya hiyo, lakini haikufaa kitu kwa ile ya Shiga. Kwa hiyo darubini ya mganga ilikuwa na thamani kubwa, maana bila yake mgonjwa aliweza kupewa dawa isiyo yake.

Basi tazameni: Shiga alikuwa amekwisha kumtambua adui miaka 19 kabla ya kambi ya Kariakoo kufunguliwa. Wapagazi hawakufa kwa kuwa elimu ilikosekana duniani. Walikufa kwa kuwa elimu ile haikufika kwenye chungu chao, wala kwenye maji yao, wala kwenye choo chao. Unga uliosagwa vema, kuni kavu na maji yaliyochemshwa vingaliokoa watu wengi.

Katika mwaka 1927 iliwekwa mjini sanamu ya Askari, ukumbusho wa askari na wapagazi pia. Lakini jina la Kariakoo ni ukumbusho mkubwa zaidi, maana hutajwa na maelfu kila siku. Nasi tunaponunua matunda na mboga pale, tuvioshe kwa maji safi, na mikono yetu tuioshe kwa sabuni kabla ya kula. Akipatikana mwenye kuhara, anyweshwe maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, na mwenye kuhara damu apelekwe hospitali upesi. Mdharau mwiba mguu huota tende. Na kijidudu ni kidogo kuliko mwiba.