Kutoka Bega la Mpagazi Hadi Motokaa: Ukodishaji wa Uchukuzi katika Safari za Uwindaji, 1904–1977

Katika maneno ya Kiswahili yaliyoingia katika lugha za kigeni, hakuna lililofika mbali kama neno safari. Kwetu sisi neno hili lataja mwendo wowote, wa mfanyabiashara anayekwenda sokoni kama wa mgonjwa anayepelekwa hospitali. Kwa Wazungu na Wamarekani lilibanwa mapema likawa na maana moja tu: mgeni mwenye fedha, bunduki mkononi, na watu wa kumchukulia vitu vyake. Makala haya yanakusudia kuchunguza upande mmoja wa maana hiyo finyu, nao ni uchukuzi. Mwindaji mgeni aliposhuka Mombasa hakuwa na chombo cha kumfikisha porini, ilimlazimu akodi. Tunauliza alikodi nini, na mkataba wake ulimtambua nani.

Dai letu ni hili. Maadamu chombo kilikuwa ni bega la binadamu, sheria na mapatano ya kukodi yalimhusu mchukuzi mwenyewe: mzigo wake, chakula chake, kutoroka kwake. Chombo kilipokuwa mashine, sheria iligeuka ikamtazama mnyama anayewindwa, na yule mtu aliyeichukua safari akatoweka katika maandishi ingawa hakutoweka porini.

Tuanze na msamiati, kwa kuwa lugha imehifadhi mambo ambayo vitabu vya hesabu havikuyahifadhi. Kiswahili kinatenga kuazima, ambako hakuna malipo, na kukodi, ambako kuna malipo. Lakini mpagazi wa zamani hakusemwa kuwa amekodiwa. Alisemwa kuwa ameandikwa. Kuandika wapagazi ni kuyatia majina yao katika daftari, kuwapa sehemu ya ujira mbele, na kuwagawia mizigo. Jina lilitangulia mzigo. Kinyume chake, neno kukodi limefungamana na kodi, yaani malipo ya pango na pia ushuru wa serikali. Msomaji wa Kongo hahitaji kuelezwa sana jinsi maana hizi mbili zinavyokaribiana, na tutalirudia jambo hilo mbele.

Wala tusidhani kuwa kuandikwa kulikuwa ni hiari nyakati zote. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambaye utawala wake ulienea hadi Kasongo na Nyangwe, ametuachia habari za maisha yake kwa Kiswahili. Humo anasimulia bila haya jinsi wapagazi wa Kizaramo walivyomtoroka, naye akarudi nyuma katika nchi yao, akawakamata watu kwa wingi, akawafunga, akawachukuza mizigo yake. Kwa tendo hilo alipewa jina la Kingugwa, akifananishwa na chui ashambuliaye ovyo. Maandishi haya yana thamani kubwa kwa mwanahistoria, maana ni mwajiri mwenyewe anayekiri kwamba daftari na mnyororo vilikaa katika kambi moja.

Tippu Tip alifariki Unguja mwaka 1905. Mwaka mmoja kabla yake, mjini Nairobi, Waaustralia Victor Newland na ndugu wawili wa ukoo wa Tarlton walikuwa wamefungua kampuni ya Newland & Tarlton. Reli ya Mombasa ilikuwa imekwisha kufika Ziwa Victoria mwaka 1901, na wageni wenye mali waliweza kufika nyanda za wanyama kwa siku chache. Kampuni iliyachukua mazoea ya misafara ya pwani ikayauza kama bidhaa: mgeni aliandika barua akiwa London au New York, na alipofika alikuta mahema, vyakula, mnyapara, wapishi, askari, wabeba bunduki, masaisi wa farasi na wapagazi, wote wamewekwa tayari. Aliyekodi hakukodi mtu mmoja mmoja. Alikodi safari nzima. Hapo ndipo neno letu lilipogeuka kuwa jina la biashara.

Kwa nini mabega ya watu, na si magari ya kukokotwa? Sababu kubwa ilikuwa mbung'o, aliyeua ng'ombe na farasi katika sehemu nyingi za pori. Pale alipokosekana, magari ya ng'ombe yalitumika. Lakini njia zilikuwa chache, na mpagazi alipita penye miti, matope na mawe. Mzigo wa kawaida ulikuwa ratili 60, yaani kilo 27 hivi, mbali na blanketi na sufuria yake mwenyewe. Kanuni za mwaka 1902 za Himaya ya Afrika Mashariki juu ya wapagazi na vibarua ziliweka masharti ya kuwaandikisha na kuwatunza. Hatudai kwamba masharti hayo yalifuatwa sawasawa; twasema tu kuwa serikali iliona haja ya kuyaandika.

Mfano uliojulikana kuliko yote ni safari ya Theodore Roosevelt, aliyetoka madarakani Marekani mwezi Machi 1909 na kutua Mombasa mwezi uliofuata, pamoja na mwanawe Kermit na wataalamu watatu wa viumbe waliotumwa kwa niaba ya Smithsonian. Newland & Tarlton waliitengeneza safari hiyo, na Leslie Tarlton mwenyewe alikuwa mmoja wa viongozi wake, chini ya R. J. Cuninghame. Wapagazi walizidi 200. Sehemu kubwa ya mizigo haikuwa chakula wala risasi: ilikuwa tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi. Kila mnyama aliyeanguka aliongeza mzigo, na mzigo ulidai bega. Baba na mwana waliua wanyama 512 kabla ya kumaliza Khartoum mwezi Machi 1910. Walipovuka nyika isiyo na maji kwenda Sotik, magari ya ng'ombe ya mlowezi aliyetoka Afrika Kusini yalisaidia kuchukua maji na chumvi, maana mpagazi anayekunywa njiani maji anayoyabeba hafiki mbali. Kitabu alichokichapisha Roosevelt mwaka 1910 kinawasifu wapagazi kwa nyimbo zao na ustahimilivu wao. Hata hivyo, msomaji atawafahamu wabeba bunduki wachache kwa majina. Wale waliobeba chumvi ni umati.

Safari hiyo iligusa historia yetu pia. Kutoka Kampala Roosevelt alikwenda kwa miguu kupitia Hoima hadi Butiaba kwenye Ziwa Albert, akashuka Nile kwa mashua, na mwezi Januari 1910 akapiga kambi ukingo wa magharibi, katika eneo la Lado. Eneo hilo lilikuwa mikononi mwa Leopold wa Pili tangu mapatano ya mwaka 1894, na kwa mapatano mengine ya mwaka 1906 lilipaswa kurudi Sudan miezi sita baada ya kifo chake. Mfalme alifariki tarehe 17 Desemba 1909. Roosevelt basi aliwinda katika miezi ile sita, katika nchi ambayo bwana wake amekufa na mrithi hajaingia. Hapo yeye na mwanawe waliua vifaru weupe tisa. Mahali penyewe, leo ndani ya Uganda, pangali panaitwa Rhino Camp.

Mpaka ule wa mto ulitenga pia namna mbili za kupata wachukuzi. Upande wa mashariki mpagazi alilipwa fedha, ingawa mara nyingi alizitafuta kwa sababu serikali ilimdai kodi ya nyumba. Mtu alikodiwa ili apate kulipa kodi. Upande wa Kongo, Dola Huru lilifupisha mzunguko huo. Kazi yenyewe ilikuwa kodi: amri ya tarehe 18 Novemba 1903 ilidai saa 40 kila mwezi, na utekelezaji wake haukuheshimu hesabu yoyote ya saa. Uchukuzi wa mizigo kwa nguvu ulikuwa umekwisha kuwamaliza watu wengi katika njia ya Matadi hadi Léopoldville kabla ya reli kukamilika mwaka 1898. Utawala wa Ubelgiji uliirithi hali hiyo mwaka 1908, na uchukuzi wa lazima haukukoma siku ile. Tofauti ya kando mbili za Nile isikuzwe kupita kiasi, lakini haifai kufutwa: kando moja daftari la ujira, kando nyingine daftari la deni.

Motokaa haikuingia porini kwa ghafla. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa kitu cha mjini. Baada ya vita, Ford na Chevrolet ziliagizwa zikiwa chesisi na injini tu, na mafundi wa Nairobi wakazijengea bodi ya mbao. Ndiyo magari yaliyojulikana kama boksi bodi. Petroli ilisafirishwa katika madebe ya lita 18, mawili katika sanduku moja la mbao. Ukilipima sanduku hilo likiwa limejaa, utakuta uzito wake unakaribia kabisa mzigo wa mpagazi mmoja, na tena kuna mtu aliyelibeba hadi penye gari.

Mwendo uliochukua siku nzima sasa ulichukua saa moja. Serengeti, ambayo kwa miguu ilikuwa mbali mno na ukame wake mkali, ikawa jirani ya Nairobi. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo wapagazi 200 wasingeweza kulitenda kamwe: chombo cha uchukuzi kikageuka silaha. Simba wa nyikani, ambao hawajajifunza kuliogopa gari, walikaribiwa na kupigwa risasi bila mpigaji kunyanyuka kitini. Denys Finch Hatton, ambaye mwenyewe alipata riziki yake kwa kuwapeleka matajiri porini kwa motokaa, aliandika mwishoni mwa miaka ya 1920 katika gazeti la The Times la London kuyalaani mauaji hayo. Mwaka 1930 alimwongoza mwana wa mfalme wa Uingereza katika safari ambayo kamera ilishika nafasi kubwa. Mwaka uliofuata alikufa huko Voi, ndege yake ndogo ilipoanguka. Alikuwa ameanza kuitumia kutafuta ndovu kutoka angani. Aliyelikemea gari alikuwa ameipanda ndege.

Sheria ilifuata. Mkataba wa London wa tarehe 8 Novemba 1933 juu ya kuhifadhi wanyama na mimea, ambao Ubelgiji ilikuwa miongoni mwa waliotia sahihi, ulikataza katika kifungu chake cha 10 kutumia motokaa au ndege kwa kuwinda, kuua au kukamata wanyama. Mwaka 1934 wawindaji wa kulipwa walianzisha chama chao Nairobi, na Philip Percival akawa rais wake. Sifa ya mwindaji na leseni yake sasa zilitegemea pia namna anavyolitumia gari. Ernest Hemingway, aliyewinda Tanganyika mwaka 1933 na 1934 akiongozwa na Percival huyo huyo, alilishika jambo hili katika hadithi yake ya mwaka 1936 juu ya Francis Macomber. Nyati wanafukuzwa kwa gari, na baadaye mke wa Macomber anauliza kama ni halali. Mwongozaji anakiri kwamba habari zikifika Nairobi atapoteza leseni yake. Wahakiki wameandika mengi juu ya ushujaa na ndoa katika hadithi hiyo. Mwanahistoria anasoma humo pia habari ya chombo cha kukodi: anayelipia gari anapata ndani yake siri ya kumtishia aliyemkodisha.

Tukirejea kwenye dai letu, tuulinganishe mkataba wa 1933 na kanuni za 1902. Ya kwanza kwa miaka yataja wapagazi; ya pili yataja vyombo na wanyama. Dereva, fundi na utingo hawamo. Hatusemi kwamba mambo yao hayakuandikwa popote. Yaliingia katika sheria za kazi kwa jumla. Lakini katika maandishi ya uwindaji wenyewe walimezwa na gari walilolipeleka, na tangazo la kampuni likawa lahesabu magari, mahema na siku. Ujuzi wao haukupungua hata kidogo. Kulikwamua lori katika mbuga ya udongo mweusi wakati wa masika, au kuziba rejeta iliyotobolewa na kisiki siku mbili mbali na gereji, ni kazi inayodai akili kuliko kubeba chumvi.

Mambo ya baadaye twaweza kuyapita upesi. Land Rover ilitokea mwaka 1948 na kuondoa sehemu kubwa ya shida ya njia. Serengeti ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mkataba wa Kiafrika uliotiwa sahihi Algiers tarehe 15 Septemba 1968 ulirudia katazo la kuwinda kwa vyombo vya mota, safari hii kwa sauti ya mataifa huru. Tanzania ilisimamisha uwindaji mwaka 1973, ikaufungua tena mwaka 1978. Kenya iliupiga marufuku mwezi Mei 1977, na chama cha 1934 kikavunjwa mwaka huo huo. Kuhusu vifaru weupe wa aina ile ya Lado, kimbilio lao la mwisho porini lilikuwa hifadhi yetu ya Garamba, iliyoanzishwa mwaka 1938. Humo wametoweka, na dume la mwisho lilikufa katika hifadhi moja ya Kenya mwezi Machi 2018.

Baada ya 1977, kampuni za Nairobi ziliendelea kukodisha magari. Paa lilitobolewa ili mgeni asimame na kamera, na dereva akapewa cheo cha kiongozi. Wengi waliona kwamba chombo hicho kimetakaswa, kwa kuwa hakina tena bunduki. Kifungu cha 10 cha mwaka 1933 hakikuwa na imani hiyo: kilikataza pia kuwafukuza na kuwasumbua wanyama kwa motokaa kwa sababu yoyote ile, na kati ya sababu hizo kilitaja kupiga picha.