Reli Iliyokatika Kilosa na Amri Zisizofika Miguuni

Mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ziliufurisha mto Mkondoa, nao ukaibomoa Reli ya Kati ya Tanzania baina ya Kilosa na Gulwe. Injini zilikuwa nzima, stesheni zilikuwapo, lakini hakuna behewa lililopita. Abiria wa Kigoma ikawabidi wakapandie treni Dodoma. Kipande kibovu kilizungukwa kwa basi. Uti wa mgongo ukikatika mambo huwa hivyohivyo: ubongo huendelea kuamuru, misuli ipo, amri haifiki.

Fikra ya kuuzunguka mkato huo imeanzia mbali. Mwaka 1924 Mjerumani Hans Berger alinasa umeme wa ubongo wa binadamu. Alipouchapisha utafiti wake 1929, wenzake wengi hawakumwamini. Mwaka 1969, huko Seattle, Eberhard Fetz alionyesha kwamba tumbili anaweza kujifunza kuichochea seli ya ubongo wake mwenyewe ili apewe chakula. Mwaka 1973 Jacques Vidal wa Los Angeles akapendekeza ubongo uunganishwe na kompyuta moja kwa moja.

Binadamu aliyelifikisha jambo hili magazetini ni Matt Nagle, Mmarekani aliyepooza kuanzia shingoni kwa kuchomwa kisu. Mwaka 2004 alipandikizwa ubongoni kibati kidogo kuliko ukucha, chenye sindano 96. Akafungua barua pepe kwa kuwaza tu. Mwaka 2011 mwanamke aliyepooza kwa kiharusi karibu miaka 15, kwa kibati cha aina hiyo, aliagiza mkono wa roboti umletee kahawa mdomoni, akanywa. Katika utafiti uliochapishwa 2021 mgonjwa mwingine aliwaza anaandika kwa mkono, na kompyuta ikachapa herufi 90 kwa dakika.

Ni kazi kubwa, sibishi. Lakini kovu huota pembeni mwa sindano hizo, na mawimbi zinayoyanasa hufifia kadiri miaka inavyokwenda.

Huku kwetu mahitaji ni ya karibu zaidi. Barabara kuu inakata Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na malori ya Zambia na Kongo hayalali. Aliyevunjika uti wa mgongo kwa ajali hapo hupelekwa Morogoro, pengine hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Akinusurika, adui zake ni vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo. Dawa yake ni godoro zuri, mpira safi wa mkojo na ndugu wa kumgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Na kabla ya hayo kuna pale barabarani, wasamaria wanapomnyanyua kwa mikono na miguu wamtie nyuma ya pikapu, ilhali shingo ilitakiwa ishikwe isicheze hata kidogo.