Anwani ya tovuti
Anwani ya tovuti ni maandishi yanayokielekeza kivinjari kwenye ukurasa fulani wa intaneti. Kompyuta hutambuana kwa namba. Mfumo wa majina, uliobuniwa na Mmarekani Paul Mockapetris mwaka 1983, humwepusha mtumiaji kuzikariri.

Anayeanza kutumia intaneti mara nyingi hufundishwa kubofya kabla ya kufundishwa kusoma anwani, na hapo ndipo matapeli humvizia. Mwenye tovuti hutambuliwa kwa kusoma jina kutoka kulia, kuanzia pale linapoishia, kabla ya mkwaju (/) unaolifuata. Katika nida.go.tz, "tz" ni Tanzania, "go" ni serikali, na "nida" ni Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa. Lakini anwani inayoanza na nida.go.tz, kisha ikaongezewa nukta na maneno mengine hadi ikaishia na .com, ni ya mtu mwingine kabisa, hata ukurasa ukipambwa kwa nembo ya taifa. Alama ya kufuli nayo huonyesha tu kwamba mawasiliano yamesimbwa njiani. Tapeli pia huipata, tena bure.

Nchini Kenya, ofisi za serikali hutumia go.ke na vyuo vikuu ac.ke.