Msamiati wa kushona seti ya mazoezi kwa mabaki ya vitambaa

Seti ya mazoezi ni vazi la sehemu mbili: suruali yenye lastiki kiunoni na miguuni, pamoja na fulana au jaketi la mikono mirefu. Wengine huiita traksuti, na suruali yake peke yake huitwa joga. Vazi hili hushoneka nyumbani kwa mabaki ya kanga, vitenge na vitambaa vingine. Makala haya yanaeleza maneno anayoyahitaji mtu anayeandika, anayefasiri au anayefundisha maelekezo ya kazi hiyo. Usahihi una uzito wa pekee hapa. Mwenye gora zima akikosea hukata tena, lakini mwenye mabaki hana kipande cha pili.

Mabaki, kipande, kiraka

Mabaki ni kitambaa kinachosalia baada ya vazi lingine kukatwa. Neno makombo halifai, kwa kuwa huhusu chakula. Kipande ni sehemu iliyotengwa na kitu kizima. Kiraka ni kipande kinachoshonwa juu ya tundu au mahali palipochanika. Tofauti yao si ya ukubwa bali ya kazi: kipande huungwa na kingine ubavuni, kiraka hufunika kasoro. Linganisha:

– Suruali hii imeungwa kwa vipande vitano. (Vazi jipya, lililobuniwa hivyo.)
– Suruali hii ina viraka vitano. (Vazi lililochanika likatengenezwa.)

Mfasiri anayeandika "nguo ya viraka" kwa vazi la aina ya kwanza humwambia msomaji kwamba limechakaa. Vitenzi navyo hutofautiana: tunaunga vipande, tunatia kiraka.

Kuunga vitambaa ili kupata vazi la kupendeza si jambo geni katika pwani yetu. Inasimuliwa kwamba kanga ilianza katika karne ya 19, wanawake walipounga leso sita kuwa nguo moja. Neno leso, lenye asili ya Kireno, hadi leo ni jina la kanga kwa wasemaji wengi wa Kenya. Leso zile zilikuwa vipande, hazikuwa viraka.

Uso na upande wa kulia

Kitambaa kilichochapwa kina uso, yaani upande unaokusudiwa kuonekana, na upande wa ndani. Katika Kiingereza, neno linalotumika kwa uso huo ndilo hilo linalomaanisha pia "kulia". Hapo ndipo yanapozaliwa maelekezo kama "weka pande za kulia pamoja", ambayo humfanya mshonaji atafute mkono wa kulia wa kitambaa kisicho na mkono. Kiswahili husema kwa ufupi: weka vipande uso kwa uso.

Mtande, mshindio, hanamu

Nyuzi zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa huitwa mtande. Zinazopita kwa upana huitwa mshindio. Kwa kawaida mtande hunyumbuka kidogo kuliko mshindio, na ndiyo sababu huelekezwa kwenye urefu wa mguu wa suruali. Kukata kwa mshazari wa nyuzi hizo ni kukata hanamu, na kitambaa kilichokatwa hivyo huvutika zaidi. Maelezo marefu kama "mwelekeo wa nyuzi za urefu wa kitambaa" si makosa, lakini neno mtande linatosha.

Pindo na upindo

Pindo la kanga ni ukingo uliochapwa unaozunguka mji, yaani sehemu ya katikati. Upindo wa suruali ni ncha iliyokunjwa na kushonwa. Wingi wa upindo ni pindo, kwa hiyo umbo moja hubeba maana mbili, na upatanisho wa sarufi ndio unaozitenga: pindo hili limekatwa, pindo hizi zimekunjwa. Agizo "kata pindo" lisiachwe peke yake. Andika "kata pindo la kanga" au "punguza upindo wa mguu".

Anayekata kanga azingatie pia jina, yaani maneno yaliyochapwa. Methali "Mgeni njoo, mwenyeji apone" ikikatwa katikati, suruali itabaki ikimkaribisha kila apitaye.

Jozi na mkono

Suruali moja ni suruali moja, na mkasi mmoja ni mkasi mmoja. "Jozi ya suruali" ni suruali mbili. Jozi hutumika kwa vitu viwili vinavyokwenda pamoja, kama viatu, soksi, au mikono ya jaketi.

Mkono nao ni kiungo cha mwili, sehemu ya vazi, na kipimo cha kale cha shibiri mbili, ambacho ni nusu ya wari. "Mikono miwili ya kitenge" yaweza kuwa sehemu za jaketi au wari moja ya kitambaa. Panapokuwa na shaka, taja vazi: mikono miwili ya jaketi.

Maneno ya kanzu

Mafundi wa kanzu wana majina ya sehemu ambayo mfasiri anaweza kuyatumia bila kubuni mengine. Badani ni kipande kikubwa cha mbele au cha nyuma. Taharizi ni kipande cha ubavuni kinachoungwa baina ya badani mbili. Kikwapa ni kipande kidogo cha chini ya kwapa kinachoupa mkono nafasi ya kujongea. Sijafu ni upindo wa ncha ya mkono. Jaketi la mabaki lenye badani nyekundu na taharizi za manjano linaelezeka lote kwa maneno haya.

Rangi

Katika vazi la rangirangi, upatanisho huwatatiza wanafunzi wengi. Rangi tatu huchukua viambishi vya ngeli: vipande vyeupe, vyeusi, vyekundu. Nyingine huhitaji kiunganishi: vipande vya manjano, vya kijani, vya buluu, vya zambarau. Hivyo twasema: mkono wa kushoto ni mwekundu, mkono wa kulia ni wa kijani.

Mfano wa maelekezo

Unga vipande vidogo hadi upate vitambaa viwili vinavyolingana, kila kimoja kikitosha mguu mzima, mbele na nyuma. Vilaze uso kwa uso, mtande ukifuata urefu wa mguu, uvikate kwa pamoja ili upate vipande vinavyotazamana, wala si miguu miwili ya upande mmoja. Acha sentimita 1.5 za mshono kila ukingo. Kanga na kitenge havinyumbuki kama fulana, kwa hiyo upana wa kiuno, kabla ya kutiwa lastiki, uzidi mzunguko wa nyonga. Piga bandi kwa mkono, jaribu vazi, ndipo ushone kwa cherehani. Mwisho kunja upindo wa kiunoni, uache mwanya, upitishe lastiki, kisha ushone mwanya huo.

Aya hii haina neno la kubuni. Anayeandika maelekezo ya ushonaji ajaribu kwanza kumsomea fundi kwa sauti. Fundi akiuliza "upande upi?" au "mikono ipi?", kinachohitaji kurekebishwa ni sentensi, na hurekebishwa kabla ya mkasi kugusa kitambaa.